Pikapu ya dizeli iliyotumika: okoa mafuta kabla ya kubadili injini

Wafanyabiashara wanaosafirisha mizigo kati ya Arusha na Nairobi kupitia Namanga wanajua kuwa faida inaweza kuishia kwenye tangi. Kabla ya kuilaumu injini, pima. Jaza tangi, andika kilometa, safiri na mzigo wako wa kawaida, kisha jaza tena katika kituo kilekile. Ukienda kilometa 270 kwa lita 30, umepata kilometa 9 kwa lita.

Moshi mweusi ni dalili kuwa dizeli haiungui yote. Anza na filta ya hewa, kwani vumbi huiziba haraka. Ikiwa ni safi na moshi unaendelea, peleka nozeli zikapimwe kwa fundi wa pampu.

Pima upepo wa matairi asubuhi, yakiwa ya baridi, kwa kufuata kibandiko cha mlango wa dereva. Rimu moja ikipata joto kuliko nyingine, huenda breki inashika. Uliza pia kama thamostati ipo: mafundi wengine huitoa, na injini isiyofikia joto lake hula mafuta zaidi.

Barabarani, mwendo wa kilometa 80 kwa saa hula kidogo kuliko 100, kwa sababu upepo hulizuia gari. Kwenye foleni ndefu ya mpakani, zima injini.

Rekebisha kitu kimoja kimoja, kisha pima tena. Hapo utajua shilingi yako ilikuwa inavujia wapi.