Rekodi za moto: kutoka kware za Njiru hadi chini ya bahari

Nyumba nyingi za Komarock, Nairobi, zimejengwa kwa majivu ya volkano, ingawa hakuna wakala anayelitaja hilo kwenye tangazo. Yale mawe ya tisa kwa sita ambayo lori hushusha kutoka kware za Njiru au Ndarugo yalikuwa majivu ya moto yaliyotua hapa mamilioni ya miaka iliyopita, yakalaliana, yakashikana. Lichunguze jiwe lililokatwa juzi, kabla halijapigwa plasta, utaona vipande vya jiwe jepesi lenye vitundu na punje za kioo cheusi. Ndiyo maana fundi hulichonga kwa tindo bila jasho jingi, na ndiyo maana ukuta usiopigwa plasta hunywa maji ya mvua.

Tukitaja volkano zenye sifa, Wajapani wana Sakurajima yao, inayoweza kulipuka mamia ya mara kwa mwaka mmoja, na ambayo mwaka 1914 ilimwaga lava hadi kisiwa chake kikaungana na nchi kavu. Tuwape heshima yao. Lakini tukianza kuhesabu rekodi za Afrika Mashariki, tutajaza ukurasa, na nyingi hazihusu kishindo hata kidogo.

Tuanze na iliyo karibu. Lava iliyosafiri mbali zaidi kwetu, na mojawapo ya ndefu zaidi duniani, ni uwanda wa Yatta. Unaanzia upande wa Thika na kunyooka kusini mashariki takriban kilomita 300 hadi ndani ya Tsavo. Miaka kama milioni 13.5 iliyopita lava ilishika bonde la mto, ikateremka nalo, ikaganda humo. Mvua na mito vikala udongo na miamba laini ya pembeni, lava ikasalia juu. Kwa hiyo lile lililokuwa bonde sasa ni mgongo mrefu, na abiria wa treni ya Mombasa huuona kama ukuta uliokatwa kwa rula. Mlima Kilimambogo, ulio jirani na mwanzo wa uwanda huo, wengi huudhani volkano kwa sababu umesimama peke yake. Si volkano. Ni mwamba wa kale uliokuwepo kabla ya lava zote hizi.

Lava baridi zaidi duniani iko Tanzania, kwenye Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu wa Wamaasai. Lava ya kawaida ya Hawaii hufika nyuzijoto 1,100 au zaidi. Ya Lengai ni kati ya 500 na 600 tu. Mchana haionekani nyekundu. Hutiririka nyeusi, nyepesi kama oili chafu inayomwagwa gereji. Ikishapoa na kupata unyevu hugeuka nyeupe, wakati mwingine ndani ya saa chache, hata waliouona mlima kwa mbali wakadhani ni theluji. Siri yake ni kwamba imejaa kaboneti ya sodiamu, ndugu wa magadi tunayotia kwenye maharagwe. Mwanajiolojia J. B. Dawson ndiye aliyeeleza kemia hiyo baada ya kuipanda Lengai mwaka 1960, na hadi leo hakuna volkano nyingine hai inayotoa lava ya aina hiyo. Waliokuwa Nairobi Julai 2007 wanakumbuka ofisi zikimwaga watu barabarani kwa sababu ya tetemeko. Chanzo kilikuwa huko huko kaskazini mwa Tanzania, na Septemba Lengai ikalipuka kwa majivu.

Lava ya kasi zaidi haina mzaha. Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa Nyiragongo, mashariki mwa Kongo, ulipasuka, na ziwa lote la lava lililokuwa kileleni likamwagika kwa muda usiotimia saa moja. Lava yake ina silika kidogo mno, kwa hiyo haina unato wa kuizuia. Kwenye miteremko ilikadiriwa kufika kilomita 60 kwa saa. Matatu ya Kangundo Road asubuhi haiwezi kuishinda. Tarehe 17 Januari 2002 iliingia Goma mjini, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuacha watu wapatao 120,000 bila makao. Ikarudi tena tarehe 22 Mei 2021. Jirani yake Nyamuragira ndiyo inayolipuka mara nyingi zaidi barani, zaidi ya mara 40 tangu mwisho wa karne ya 19, lakini lava yake huishia porini mara nyingi, basi haitajwi sana.

Nyingine kwa haraka: Kilimanjaro, meta 5,895, ndiyo ndefu zaidi Afrika. Ngorongoro, upana wa kama kilomita 20, ndiyo kaldera kubwa zaidi duniani isiyobomoka kingo wala kujaa maji. Elgon ina kitako kipana ajabu, karibu kilomita 80.

Volkano changa zaidi, na kwangu ndiyo kiboko, haikuonwa na mtu ikizaliwa. Mwaka 2018 watu wa kisiwa cha Mayotte, katika Bahari ya Hindi, walianza kutikiswa na matetemeko yasiyoisha. Mei 2019 meli ya utafiti ilikuta, kama kilomita 50 mashariki ya kisiwa, mlima wa meta 820 pale ambapo sakafu ya bahari ilikuwa tambarare. Waliuita Fani Maoré, na mlipuko wake ndio mkubwa zaidi chini ya bahari kuwahi kupimwa.

Na Kenya je? Wavumbuzi kutoka Ulaya, Teleki na von Höhnel, walikuta volkano ikifuka kusini mwa Ziwa Turkana mwaka 1888. Longonot, kilomita kama 65 kutoka Komarock, inadhaniwa kulipuka mara ya mwisho miaka ya 1860. Rada za satelaiti zinaonyesha kuwa iliinuka sentimita 9 kati ya 2004 na 2006, pasipo mtu kuhisi chochote. Rekodi yetu ya kuvimba inashikiliwa na Paka, kaskazini mwa Baringo, iliyopanda sentimita 21 ndani ya mwaka mmoja, 2006 hadi 2007. Haikulipuka. Badala yake ikaletewa mitambo ya kuchimba visima, kutafuta mvuke wa umeme kama ule ambao Olkaria imekuwa ikitoa tangu 1981.