Mchezo Usio na Refa: Adabu za Gofu kwa Mgeni Kutoka Hulugho

Msafiri anayetoka Hulugho, katika kaunti ya Garissa nchini Kenya, kwenda Garissa mjini hapiti kando ya uwanja wa gofu hata mmoja. Atapita malambo, visima, makundi ya ng'ombe na ngamia, na wakati wa mvua huenda akalala njiani kwa sababu ya udongo mweusi unaong'ang'ania magurudumu. Gofu kwake ni mchezo wa kwenye televisheni, au wa Nairobi. Hata hivyo wito wa kwenda uwanjani humfikia: mfanyabiashara wa mifugo hualikwa na benki yake siku ya gofu ya wateja, afisa wa kaunti hupelekwa na wafadhili, mwanafunzi wa chuo hufuatana na rafiki. Akifika hupewa fimbo na kuonyeshwa namna ya kuishika. Mara nyingi hakuna anayemweleza namna ya kukaa uwanjani.

Hilo ndilo lenye uzito. Mgeni anayekosa mpira hasemwi, kwa kuwa hakuna mchezaji ambaye hajawahi kuukosa. Anayesemwa ni yule anayeongea mwenzake akilenga, anayekanyaga njia ya mpira wa mwingine, anayeondoka akiacha mchanga umechimbika. Huyo haalikwi tena, na pengine hataambiwa kwa nini.

Sababu imo katika mchezo wenyewe. Mpira wa miguu una refa na filimbi. Gofu ya kawaida ya Jumamosi haina msimamizi wa aina hiyo. Wachezaji wawili, watatu au wanne hutembea pamoja kwa saa nne au zaidi, wakipita mashimo 18, na kundi jingine liko mbali kiasi kwamba halioni wanachofanya. Mpira ukiingia kichakani, anayeuona ni mwenyewe. Akiusogeza kwa ncha ya kiatu, hakuna wa kupuliza filimbi. Kila mmoja hujihesabia mapigo yake na kujitoza adhabu yake, na mwenzake ndiye anayeiandika kadi yake. Katika mashindano ya mapigo wachezaji hubadilishana kadi mwanzoni: ya kwako anaishika mwingine, ya mwingine unaishika wewe, na mwisho wote wawili wanaweka saini.

Uaminifu huo una historia. Mwaka 1925, katika mashindano ya U.S. Open yaliyofanyika Worcester, jimbo la Massachusetts, Bobby Jones alikuwa akijiandaa kupiga mpira uliokuwa kwenye nyasi ndefu. Ukatikisika kidogo. Hakuna aliyeona ila yeye. Wasimamizi walipohoji hawakupata shahidi, wakamwachia aamue mwenyewe, naye akajiongezea pigo moja. Mashindano yalipokwisha alikuwa sawa na Willie MacFarlane. Wakarudiana, na Jones akashindwa. Lile pigo moja ndilo lililomkosesha ubingwa. Kwenye mashindano ya Masters huko Augusta, Marekani, mwaka 1968, Roberto De Vicenzo wa Argentina alipiga mapigo matatu kwenye shimo la 17, lakini mwenzake Tommy Aaron aliandika manne. De Vicenzo hakukagua vizuri, akaweka saini. Kanuni inasema alama ya juu iliyosainiwa ndiyo inayobaki. Akapoteza nafasi ya kurudiana na Bob Goalby kwa ajili ya taji la Masters. Lawama zote alijitwika mwenyewe, hakumtupia Aaron hata kidogo, na kwa hilo anaheshimiwa hadi leo.

Mtu wa Hulugho ana faida hapa ambayo huenda haijui. Amelelewa chini ya xeer, sheria ya mila ya Wasomali ambayo kwa vizazi vingi ilikaa vichwani mwa wazee na si vitabuni. Anajua kwamba mfugaji akifika na mifugo yake kwenye kisima cha wengine huuliza kwanza, husubiri zamu, wala hawaachii ng'ombe wakavuruga maji ya anayefuata. Hakuna bango linalosema hivyo, na asiyefuata hujulikana haraka. Uwanja wa gofu unaendeshwa kwa mwenendo uleule: usimcheleweshe mwenzako, usimharibie, liache eneo likiwa salama kwa ajaye nyuma yako.

Kanuni za kwanza za gofu zinazojulikana ziliandikwa Leith, karibu na Edinburgh, mwaka 1744. Zilikuwa 13 tu. Baadaye kitabu kilinenepa, na kwa miaka mingi kilifunguka kwa sura nzima ya adabu. Mageuzi makubwa ya mwaka 2019, yaliyofanywa na vyombo vinavyosimamia kanuni za mchezo huu, R&A ya St Andrews pamoja na USGA ya Marekani, yalipunguza kanuni kutoka 34 hadi 24. Sura ile ya adabu iliondolewa, na kiini chake kikaingizwa ndani ya Kanuni ya 1.2: mchezaji awe mwaminifu, awajali wengine, autunze uwanja. Kwa kawaida anayeikiuka hapati adhabu ya pigo, ingawa kwa utovu mkubwa wa nidhamu kamati inaweza kumtoa mashindanoni. Yaliyobaki yote yameachiwa dhamiri na desturi za klabu.

Usalama ndio wa kwanza, na hapa mgeni asione aibu kuuliza. Mpira wa gofu una uzito usiozidi gramu 46, lakini ni mgumu, na ukipigwa vizuri kwa fimbo ndefu huondoka kwa kasi ya zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Unaweza kumtoa mtu jicho. Kwa hiyo hakuna anayesimama mbele ya anayepiga, na hakuna anayepiga kabla kundi la mbele halijatoka mahali mpira unapoweza kufika. Mpira ukienda kombo kuelekea kwa watu, mpigaji hupaza sauti kwa nguvu: "Foo!" Anayesikia onyo hilo hainui uso kutafuta mpira, huinama na kufunika kichwa kwa mikono. Hata mapigo ya mazoezi, yale ya kujaribu hewani, yameumiza wengi. Angalia nyuma kabla hujazungusha fimbo.

Baada ya usalama huja utulivu. Mwenzako anapojiandaa, simama upande anaokuona usoni, mbali na fimbo yake, na usitikisike. Simu iwe kimya. Asubuhi na jioni angalia pia kivuli chako kisilale juu ya mpira wake au juu ya shimo. Kwenye grini, lile eneo la nyasi fupi lenye shimo na bendera, kuna mstari usioonekana kutoka kwenye mpira wa kila mmoja hadi shimoni. Kuukanyaga ni kosa ambalo wazoefu hulichukia kuliko mengine yote, kwa sababu alama ndogo ya kiatu huweza kuupindua mpira. Pita nyuma ya mpira wa mwenzako au uzunguke.

Mwendo nao ni adabu. Kanuni inapendekeza kila pigo lipigwe ndani ya sekunde 40, na muda wa kuutafuta mpira uliopotea ulipunguzwa mwaka 2019 kutoka dakika tano hadi tatu. Zamani aliye mbali zaidi na shimo ndiye aliyepiga kwanza kwa kawaida. Sasa katika mchezo wa mapigo kanuni yenyewe inahimiza aliye tayari apige, mradi ni salama. Kundi lako likiwa limeacha nafasi kubwa mbele na wa nyuma wanasubiri, wapungie mkono wapite. Hakuna udhalili katika kupisha. Mgeni anayeona amepiga mara nyingi kwenye shimo moja katika mchezo wa kirafiki anaweza kuokota mpira wake na kuanza upya kwenye shimo linalofuata. Wenzake watamshukuru kimoyomoyo.

Kuutunza uwanja ndiko kunakotofautisha mchezaji na mpita njia. Fimbo ikibandua kipande cha nyasi, kirudishe na ukikanyage, au ujaze mchanga pale anapoonyesha mbeba mfuko wako. Mpira ukiangukia grini huacha kishimo; kirekebishe, na ukiona kingine karibu kirekebishe pia. Ukiingia kwenye banka, lile bonde la mchanga lililowekwa kama mtego, ingia kwa upande wa chini na utoke ukisawazisha nyayo zako kwa reki. Katika nchi ya ukame kama kaunti ya Garissa msomaji anaelewa bila kuelezwa gharama ya nyasi hizo. Zinanyweshwa maji ambayo mahali pengine watu wangeyafuata kwa punda na madumu. Kuzichimba ovyo ni kukosa shukrani.

Kuna neno la kusemwa juu ya kedi, kijana au mtu mzima anayebeba mfuko wa fimbo na kumshauri mchezaji. Kedi pekee, au mwenzi wako mkicheza kama timu, ndiye unayeruhusiwa kumwomba ushauri wa namna ya kupiga. Kumuuliza mpinzani katika mashindano kuna adhabu. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya walijifunza gofu wakibeba mifuko ya wengine. Jacob Okello alifika hadi raundi ya kurudiana kwenye Kenya Open ya mwaka 1998 na kushindwa na Ricardo González wa Argentina.  Anayemwita kedi kwa kupiga vidole, au kumlaumu kwa pigo lake mwenyewe, anaonyesha malezi yake. Muulize jina, mlipe mlichopatana bila kumzungusha, na umshukuru mbele ya watu.

Kwa Mwislamu wa Hulugho kuna mambo matatu ambayo vitabu vya Scotland havikuyafikiria. La kwanza ni dau. Wachezaji wengi huwekeana fedha kidogo kwa kila shimo. Anayekataa kamari aseme mapema, kabla ya pigo la kwanza, kwa lugha ya upole. Na mwenyeji mwenye adabu hamshinikizi wala hamfanyii mzaha. La pili ni desturi ya anayetumbukiza mpira kwa pigo moja kuwanunulia watu vinywaji klabuni. Hailazimishi pombe. Chai, soda na sambusa hutimiza heshima ileile. La tatu ni sala. Raundi inayoanza baada ya adhuhuri huangukia alasiri, na ikichelewa hukaribia magharibi. Mweleze mwenyeji wako siku moja kabla, mpange saa ya kuanza, na wakati ukifika msogee kando baina ya mashimo na mruhusu kundi la nyuma lipite. Kuhusu mavazi, fulana yenye kola na suruali isiyo ya jinzi zinadaiwa na klabu nyingi za Kenya, lakini hizo ni amri za klabu. Kanuni za gofu zenyewe hazimzuii mwanamke kucheza na hijabu na sketi ndefu, na klabu inayomwalika ina wajibu wa kulisema hilo waziwazi kabla hajafunga safari.

Desturi za mahali zina nafasi kubwa katika mchezo huu kuliko wengi wanavyodhani. Kisumu, kwenye uwanja wa Nyanza ulio kando ya Ziwa Victoria, kanuni ya mahali ilimruhusu mchezaji ambaye mpira wake umetua karibu mno na kiboko au mamba kuangusha mwingine kwa umbali salama bila adhabu. Jinja nchini Uganda, mpira ulioingia ndani ya unyayo wa kiboko uliweza kuinuliwa. Na kanuni za dunia nzima zinakitaja kinyesi cha mnyama kuwa kitu kinachoweza kuondolewa kando ya mpira bila adhabu, jambo la faraja kwa yeyote anayefikiria kucheza mahali ngamia wanapopita.

Kwani kufikiria huko si ndoto. Uwanja wa gofu hauhitaji nyasi. Kwa miongo mingi, katika sehemu kavu za Afrika Mashariki na katika nchi za Ghuba, watu wamecheza kwenye brauni: duara la mchanga uliochanganywa na mafuta ili upepo usiupeperushe, na shimo katikati. Muscat, wafanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Oman walicheza hivyo Ras al Hamra kwa miaka mingi kabla nyasi hazijapandwa. Mchezaji hubeba kipande cha zulia la nyasi bandia, huweka mpira juu yake na kupiga. Adabu ya brauni ni moja na haina msamaha: ukimaliza, lisawazishe duara lote kwa ubao wake, ili anayekuja asikute hata unyayo mmoja.

Mwalimu wa Hulugho anayetaka kuwaonyesha wanafunzi mchezo huu anaweza kuanza na mashimo matatu kwenye ardhi tupu, mbali na makaburi, njia za mifugo na lambo, akitumia mchanga mtupu bila mafuta yatakayochafua maji. Fimbo kuukuu mbili tatu zinatosha, kwa kuwa hata katika mashindano hakuna anayeruhusiwa kubeba zaidi ya 14. Awafundishe kwanza kusimama, kunyamaza, kupisha na kuhesabu kwa ukweli, kisha ndipo awape mpira. Kitabu cha kanuni hakina bei: R&A inakitoa bure kwenye simu.