Matumizi ya Zana za Kupimia katika Ramani ya Kidijitali ya Eneo la Utafiti: Mfano wa Ring'wani, Mkoani Mara

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna zana za kupimia zilizomo katika programu za ramani zinavyoweza kutumiwa na mtafiti wa lahaja na lugha jirani, na mahali zinapoweza kumpotosha. Mifano imetolewa katika kata ya Ring'wani, Wilaya ya Serengeti, na maeneo yanayoikabili ng'ambo ya Mto Mara katika Wilaya ya Tarime. Hoja kuu ni kwamba umbali ni data kama data nyingine, na mtafiti anawajibika kueleza ulivyopatikana.

1.0 Utangulizi

Tasnifu nyingi za isimu zinazoandikwa kwa Kiswahili huwa na ramani ya eneo la utafiti katika sura ya mbinu. Ramani hiyo hupewa namba, hutajiwa chanzo, kisha haizungumzwi tena hadi ukurasa wa mwisho. Hali hiyo haina madhara makubwa iwapo ramani imekusudiwa kumwonesha msomaji tu kuwa eneo lililotajwa lipo. Inakuwa na madhara pale mtafiti anapochukua tarakimu kutoka katika ramani hiyo na kuziingiza katika uchanganuzi.

Makala haya yametokana na utafiti wa uzamivu kuhusu tofauti za kimsamiati baina ya Kingoreme, ambacho katika orodha ya Maho kimepewa alama JE401, na Kikuria, ambacho Guthrie alikiweka katika E.43. Wangoreme wanaishi kusini mwa Mto Mara, katika Wilaya ya Serengeti. Wakuria wengi wa Tanzania wako kaskazini mwa mto huo, katika Wilaya ya Tarime, na wengine wako Serengeti na nchini Kenya. Kata ya Ring'wani iliteuliwa kuwa kituo cha kuanzia upimaji.

Katika rasimu ya kwanza ya pendekezo la utafiti, umbali kati ya kituo hicho na vituo vya Tarime ulipatikana kwa kubofya nukta mbili na kusoma kilichoandikwa pembeni mwa kioo. Siku ya uwasilishaji msomaji mmoja aliuliza swali la maneno matatu: "Nani anapita hapo?" Mstari uliochorwa ulikuwa umevuka Mto Mara mahali pasipo na daraja. Mtafiti hakuwa na jibu, na jedwali zima lilirudishwa kwa marekebisho. Sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata ni jibu la swali hilo, lililochelewa.

2.0 Umbali katika Uchunguzi wa Lugha

Uhusiano wa umbali wa kijiografia na umbali wa kimsamiati si jambo jipya. Jean Séguy, aliyeongoza atlasi ya lahaja za Gascony nchini Ufaransa, alionesha mwaka 1971 kwamba tofauti za kimsamiati huongezeka kadiri vituo vinavyoachana, lakini ongezeko hilo hupungua kasi baada ya umbali fulani. Kwa kutumia kanuni ya namna hiyo, mtafiti huweza kuuliza: je, tofauti iliyopo kati ya vijiji viwili ni ile inayotarajiwa kutokana na umbali wake, au ni kubwa kuliko inavyotarajiwa? Ikiwa ni kubwa, kuna jambo jingine linalohitaji maelezo, kama vile mpaka wa kikabila, historia ya uhamaji au mtawanyiko wa koo.

Ni hapo zana ya kupimia inapopata uzito. Endapo umbali umeandikwa mdogo kuliko ulivyo kwa watu wanaosafiri, tofauti ya kawaida itaonekana kuwa ya ajabu, na mtafiti ataanza kutafuta maelezo ya kikabila kwa jambo ambalo limesababishwa na mto. Katika mkoa ambao mipaka ya makabila na koo imewahi kuwa chanzo cha ugomvi, kosa hilo si la kitaaluma pekee. Charlotte Gooskens, katika uchunguzi wake wa lahaja za Norway uliochapishwa mwaka 2004, aligundua kwamba muda wa kusafiri wa takriban mwaka 1900, kabla ya barabara za kisasa, unaeleza tofauti za lahaja vizuri zaidi kuliko umbali wa mstari mnyoofu. Norway ina milima na ghuba ndefu za bahari. Mara ina mto wenye mamba na mbuga zinazojaa maji wakati wa masika. Mantiki ni ileile.

Ikumbukwe pia kwamba Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyotolewa mwaka 2009 na Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilikusudiwa kuonesha lugha zilipo na wazungumzaji wake. Kupima umbali wa vijiji kwa rula juu ya kurasa zake ni kuidai kazi ambayo haikuahidi.

3.0 Zana Zenyewe

*3.1 Mstari mnyoofu*

Zana ya kwanza, na rahisi kuliko zote, hupima kati ya nukta mbili. Katika programu ya QGIS mtumiaji huchagua kama hesabu ifanywe juu ya umbo la dunia lililopinda au juu ya karatasi bapa. Chaguo hili huwatisha wanafunzi kutokana na vitabu vinavyoonya kuwa ramani za intaneti hukuza umbali. Onyo hilo ni la kweli London, ambako ramani ya aina hiyo ikipimwa kama karatasi bapa hurefusha kilomita 1 hadi takriban kilomita 1.6. Kwetu hali ni tofauti kabisa. Ring'wani ipo kati ya latitudo ya digrii 1 na 2 Kusini, karibu sana na ikweta, na ongezeko hapo halifiki mita 1 kwa kila kilomita. Mtafiti akitumia mfumo wa UTM, ukanda wa 36 Kusini, kosa halizidi sentimita 30 kwa kilomita. Kwa utafiti wa lahaja, tarakimu hizo hazina athari yoyote. Kosa pekee la kuchunga katika hatua hii ni kusoma jibu lililotolewa kwa digrii ukidhani ni kilomita: katika eneo hili digrii 0.1 ni takriban kilomita 11.

Hatari ya kweli imejificha kwingine, nayo hutajwa mara chache. Karatasi za ramani za Tanzania za skeli ya 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo rejea wa Arc 1960, ilhali simu na vipokezi vya setilaiti hutumia WGS 84. Nukta moja ya ardhi ina latitudo na longitudo tofauti katika mifumo hiyo miwili. Mtafiti akisoma nukta kutoka katika karatasi ya zamani na kuiingiza kwenye programu bila kuibadili, itahama kwa takriban mita 300, hasa kuelekea kaskazini. Kwenye karatasi hizo, mita 300 ni milimita 6 tu. Lakini boma lililo ukingo wa kusini wa Mto Mara litajikuta ng'ambo, Tarime. Msemaji wa Kingoreme atahesabiwa upande wa Wakuria, na hakuna kitu katika jedwali kitakachoonesha kwamba kuna kosa.

*3.2 Njia yenye mikunjo*

Zana ya pili hupima mstari wenye nukta nyingi, na ndiyo inayofaa kwa barabara na vijia. Tatizo lake ni kwamba jibu hutegemea mkono wa mpimaji. Ukibofya mara 5 kando ya kijia, mikunjo mingi hukatwa. Ukikuza picha na kubofya mara 50, kijia kilekile huwa kirefu zaidi. Mwingereza Lewis Fry Richardson alilibaini jambo hili alipolinganisha urefu wa mipaka ya nchi, na maandishi yake yalitolewa mwaka 1961, baada ya kifo chake. Benoit Mandelbrot aliliendeleza mwaka 1967 kwa mfano wa pwani ya Uingereza. Hivyo, kauli kwamba kijia fulani kina kilomita kadhaa haijakamilika hadi itajwe ilipimwa kwa skeli gani. Utaratibu uliofuatwa katika utafiti huu ulikuwa kuweka skeli moja ya kioo kwa vijia vyote na kuitaja chini ya jedwali. Utaratibu huo haufanyi tarakimu kuwa sahihi kabisa, bali hufanya kosa liwe la aina moja kote, na hivyo vituo viweze kulinganishwa.

Mtu anaweza kudhani kwamba kutembea na simu inayorekodi njia kutamaliza tatizo. La hasha. Nukta za simu huyumba kwa mita kadhaa hata ikiwa imetulia mezani, na kila kuyumba huhesabiwa kuwa mwendo. Mtafiti aliyesahau kusitisha kurekodi wakati wa usaili wa saa mbili chini ya mwembe atakuta "ametembea" bila kuinuka kwenye kigoda. Ni heri kufuta sehemu hizo kabla ya kupima.

Kuhusu miinuko, wanafunzi hujisumbua bure. Mteremko wa asilimia 10 huongeza mita 5 tu kwa kilomita. Kilima huchelewesha miguu, hakirefushi njia.

*3.3 Eneo*

Zana ya eneo ilitumika mara moja tu, kukadiria mtawanyiko wa maboma ili kupanga sampuli, na haina la kuelezwa zaidi ya kwamba hekta 1 ni mita za mraba 10,000 na kwamba mipaka ya vijiji inayopatikana katika faili za kidijitali ilinganishwe na maelezo ya ofisi ya kijiji.

*3.4 Jina*

Jambo hili si la upimaji, lakini lilipoteza siku nyingi kuliko mambo mengine yote. Jina la kata huandikwa Ring'wani na pia Ringwani. Kwa msomaji wa Kiswahili, ng' ya *ng'ombe* na ng ya *ngoma* ni sauti mbili tofauti, na tahajia ya kwanza ndiyo inayohifadhi matamshi. Kwa kompyuta hizo ni kata mbili. Jedwali la watafitiwa lenye ritifaa likiunganishwa na tabaka la ramani lisilo nayo, kata hutoweka kimyakimya katika matokeo, na umbali wake haupimwi. Tena ritifaa yenyewe huchapwa kwa alama iliyonyooka au iliyopinda, nazo pia kompyuta huzitofautisha. Inashauriwa kila kituo kipewe namba, na jina libaki kwa ajili ya wasomaji.

4.0 Mto, Msimu na Muda

Baada ya marekebisho, kila jozi ya vituo ilipewa vipimo vitatu: mstari mnyoofu, njia inayopitika, na muda wa safari kama ulivyoelezwa na wakazi. Kipimo cha tatu hakitokani na ramani, ila ndicho kinachozihukumu zana za ramani. Wakazi waliulizwa wanapita wapi wanapokwenda mnadani au kwenye msiba ng'ambo ya mto, kiangazi na masika, na wazee waliulizwa walipita wapi wakiwa vijana. Majibu ya kiangazi na ya masika hayakufanana. Palipo na kivuko cha miguu wakati wa ukame, masika hulazimu kuzunguka hadi darajani. Programu ya ramani hutoa njia moja tu kwa mwaka mzima.

Vijia hivyo kuonekana katika ramani ya kidijitali ni matunda ya kazi ya watu. Sehemu kubwa ya vijiji vya Mara ilikuwa tupu katika OpenStreetMap hadi mradi wa Crowd2Map Tanzania ulipoanza mwaka 2015, ukiwatumia wachoraji wa kujitolea kuongeza barabara na nyumba kutoka katika picha za setilaiti, na wenyeji kuongeza majina. Msukumo wake haukuwa utafiti wa lugha: nyumba salama ya Mugumu ilihitaji kuwafikia wasichana waliokuwa hatarini kukeketwa, na gari haliwezi kufika usiku katika kijiji kisichokuwa na njia kwenye ramani. Mtafiti anayepima kijia leo anapima mstari uliochorwa kwa haja hiyo. Ni wajibu kutaja chanzo hicho na tarehe tabaka lilipopakuliwa, kwa kuwa ramani hiyo hubadilika kila siku.

5.0 Usahihi Unaofichua

Nukta ya longitudo yenye tarakimu 5 baada ya desimali hubainisha mahali kwa takriban mita 1. Katika eneo la maboma yaliyotawanyika, hiyo ni nyumba ya mtu, na tasnifu ikiwekwa katika hazina huria ya chuo, mtu yeyote duniani anaweza kuifungua. Kumwita msaili "Mtafitiwa wa 7" katika matini na kuweka nukta ya boma lake katika kiambatisho ni kuficha uso na kuacha mlango wazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imelipa suala hili uzito wa kisheria, ingawa hata bila sheria mzee aliyeeleza kwa nini ukoo wake ulihama hakutarajia boma lake lichapishwe.

Kwa sababu hiyo, vipimo vyote vilifanywa kwa nukta kamili katika kompyuta ya mtafiti, na umbali ukahesabiwa humo. Kilichowekwa katika tasnifu ni umbali uliokwisha kuhesabiwa, ukikadiriwa kwa kilomita nzima, pamoja na nukta ya kila kituo yenye tarakimu 2 baada ya desimali, yaani takriban kilomita 1 kila upande. Nukta kamili zitaoneshwa kwa watahini watakaozihitaji kwa uhakiki, katika chumba cha utetezi, na hazitaambatishwa.