Masizi ya Baruti katika Njia ya Unyanyembe

Wasikilizaji wetu, tukitaja habari za misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora, twahesabu pembe za ndovu, nguo, shanga na bunduki. Leo twataka kusema juu ya kitu kisichohesabiwa na mtu, nacho kiliharibu bunduki nyingi: ni uchafu ubakio ndani ya mtutu baada ya baruti kuwaka.

Katika karne ya 19, bunduki zilizofika Unyanyembe zilikuwa hasa magobori, yaani bunduki zishindiliwazo kwa mdomo wa mtutu. Nyingine za gumegume, nyingine za fataki. Nyingi zilikuwa zimekwisha kutumika katika majeshi ya Ulaya. Mwenye gobori alimimina baruti, akatia risasi, akashindilia kwa mdeki.

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti. Watu hudhani ya kwamba ikiwaka hugeuka hewa yote. Sivyo. Zaidi ya nusu ya uzito wake hugeuka vumbi gumu. Sehemu yake hutoka pamoja na moshi, na sehemu hushika kuta za mtutu. Wala si masizi matupu kama ya chungu. Mna na chumvi zitokazo katika shura. Hilo ndilo neno kubwa, maana chumvi hizo huvuta maji, hata yale yaliyomo hewani.

Basi na tuyatazame majira ya Tabora. Wakati wa kiangazi uchafu huo hukauka ukawa gamba gumu. Kila bunduki ipigwapo, nafasi ya ndani huzidi kuwa nyembamba, hata risasi haishuki mpaka chini. Hapo pana hatari: risasi ikikwama mbali na baruti, mtutu waweza kupasuka mikononi mwa mpigaji. Tena cheche iliyojificha katika uchafu yaweza kuwasha baruti mpya ingali ikimiminwa. Mvua zikija, chumvi hulowana, na kutu hula chuma. Tundu la moto likiziba, bunduki hailii. Mwenyewe amebaki na rungu.

Dawa yake ni kuosha kwa maji, na ya moto ni bora, kisha kukausha vema, ndipo kupaka mafuta. Mafuta peke yake hayafai, kwa kuwa chumvi huyeyuka majini, haiyeyuki katika mafuta. Ni kama kufunga kidonda kabla ya kukiosha. Lakini fikirini safari yenyewe. Burton na Speke walitoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Kaze, ndipo Tabora, mwezi wa Novemba. Kati ya Ugogo na Unyanyembe palikuwa na Mgunda Mkali, pori lenye maji haba. Ni nani mwenye kiu ambaye angemimina maji ya kibuyu chake ndani ya bunduki?

Kwa hiyo nguvu za mtemi kama Mirambo wa Urambo, aliyepigana na Waarabu wa Tabora tangu 1871, hazikupimwa kwa wingi wa bunduki, bali kwa zile zilizoweza kulia siku ya vita.

Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alivumbua baruti isiyo na moshi mwingi, iachayo uchafu kidogo sana. Lakini Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki mpya zisiuzwe kwa Waafrika, ukaacha nafasi kwa gumegume na baruti ya kale. Hivyo Mwafrika aliachiwa silaha ile ijilayo yenyewe. Hata vita vya 1914 vilipoanza, askari wengi wa Wajerumani katika nchi hii walikuwa bado na bunduki za namna ya mwaka 1871, zenye baruti nyeusi, na moshi wake uliwaonyesha adui mahali walipolala.

Twajifunza nini? Kitu cha thamani hakiharibiwi siku kinapotumika, bali usiku ule kinapowekwa bila kuoshwa. Jembe, cherehani na baiskeli vyatufundisha vivyo hivyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.