Bluzi, ukulele na inanga: kweli au si kweli?

Mtu mmoja anaimba huku vidole vyake vikitembea juu ya nyuzi. Ngara na Biharamulo hakuna wa kufundishwa jambo hilo, kwa maana inanga, chombo chetu cha nyuzi, ililiweka hapa zamani sana. Lakini akitajwa Taj Mahal, mzee wa Kimarekani aliyezaliwa New York mwaka 1942, anayepiga bluzi kwa gitaa kavu na kwa ukulele, maneno ya kila aina huanza. Tuyapime.

Ukulele ni gitaa la watoto.

Si kweli. Udogo wake umewadanganya wengi. Agosti 1879 meli Ravenscrag ilitia nanga Honolulu, Hawaii, ikiwa imebeba vibarua wa mashamba ya miwa kutoka kisiwa cha Madeira cha Wareno. Kati yao walikuwamo mafundi seremala watatu: Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Walijua kutengeneza machete, kigitaa cha kwao, na mikononi mwao ndimo ukulele ilimozaliwa. Mfalme Kalākaua aliipenda hadi ikapigwa kwenye hafla zake. Rabbit Muse wa Virginia alipigia bluzi ukulele, naye alikuwa mtu mzima mwenye jina lake. Taj Mahal alihamia Hawaii miaka ya 1980 na huko akaunda bendi iliyochanganya bluzi na muziki wa visiwani. Chombo kinachoingia ikulu na kubeba bluzi si cha kumnunulia mtoto ili anyamaze.

Bluzi ilitoka kwetu. Asili yake ni inanga.

Hapa natamani kusema ndiyo, na siwezi. Wengi mno wa Waafrika waliouzwa Amerika Kaskazini walitoka Afrika Magharibi na upande wa Kongo na Angola. Njia za misafara zilizopita kwetu zilielekea kwingine. Mpelelezi Mwingereza Speke alipopita Usui, huku kwetu, mwaka 1861, enzi za Mtemi Suwarora, akielekea Karagwe, alifuata njia ya wafanyabiashara wa pembe na watumwa iliyotokea Tabora, na Tabora ilitazama Bagamoyo na Zanzibar, siyo bahari ya Atlantiki. Ndugu wa karibu wa bluzi wako Mali, Senegali na Gambia, kwenye vyombo vya nyuzi kama ngoni.

Ila kutokuwa mzazi wa bluzi hakuifanyi inanga kuwa ndogo. Itazame vizuri: kipande cha mti kimechongwa kikawa kama chano, kisha uzi mmoja mrefu ukapitishwa ukienda na kurudi, mpaka zinapatikana nyuzi saba au nane hivi. Mpigaji hukaa chini na kuanza kusimulia: vita, ng'ombe, watawala, mapenzi. Ng'ambo ya mpaka, Burundi, kuna namna ya kuiimba kwa kunong'ona, sauti ikijificha ndani ya mlio wa nyuzi hadi msikilizaji asijue kipi kinasema. Bukoba Wahaya huiita enanga, na Profesa Mugyabuso Mulokozi alitumia miaka mingi kuzichunguza tenzi zake, zikiwemo za mwimbaji Habibu Selemani. Kazi kama hiyo inastahili kufanywa kwa Wahangaza, Washubi na Wasubi pia, wapigaji wakiwa bado hai. Hilo ndilo la kudai, kuliko kugombea ubaba wa bluzi.

Mpiga bluzi hodari amempa shetani roho yake.

Si kweli, na uongo huu una jamaa zake hapa kwetu: kijana akipiga gitaa vizuri, kuna atakayesema ana dawa. Marekani alisingiziwa Robert Johnson, kwamba alikutana na shetani njia panda usiku. Ukweli ni kwamba alijifunza kwa mpiga gitaa aliyeitwa Ike Zimmerman, akafanya mazoezi mengi, akarekodi nyimbo 29 Texas mwaka 1936 na 1937, akafariki Agosti 1938 akiwa na miaka 27. Anayesema ni dawa anamnyima mpigaji jasho lake, na hilo linaniudhi.

Gitaa moja kavu haliwezi kutosha; lazima kuwe na solo, rizimu na besi.

Si kweli. Msikilize Mwenda Jean Bosco wa Katanga, Kongo. Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Dole gumba linapiga besi, kidole cha shahada kinapiga wimbo, na juu yake anaimba Kiswahili cha Kongo. Ni mtu mmoja tu, wala hakuna pengo.

Bluzi ni kilio.

Nusu. Kilio kimo, lakini bluzi ya zamani ilipigwa sana kwenye sherehe za Jumamosi usiku, watu wakicheza mpaka vumbi linatimka.

Bluzi na Kiswahili havijawahi kukaa meza moja.

Si kweli. Mwaka 2005 ilitoka albamu Mkutano, ya Taj Mahal pamoja na Culture Musical Club ya Zanzibar, kikundi cha taarabu cha tangu 1958. Humo gitaa la bluzi linakaa pamoja na qanuni, udi na fidla, na hakuna anayemnyang'anya mwenzake nafasi.

Anayejua gitaa ameshaijua ukulele nusu.

Hili ni kweli, na wanakwaya watalielewa upesi. Nyuzi nne nyembamba za gitaa, ukianzia ile nene kati yake, husoma so, do, mi, la. Za ukulele husoma hivyohivyo, ila juu zaidi: funga kepo (kibano cha nyuzi) nafasi ya tano ya gitaa na utaikaribia sana. Maumbo ya vidole uliyozoea yanahama yote. Tofauti iko kwenye ile so. Katika ukulele nyingi imepandishwa oktava nzima, kwa hiyo uzi wa kwanza unaokutana na dole gumba una sauti nyembamba. Besi ya Mwenda haitapatikana pale. Dole gumba litafutiwe kazi nyingine.