Karafuu Katika Ghala la Mahindi: Uwezo na Mipaka ya Kinga ya Mimea Dhidi ya Sumukuvu

Mbeya na Iringa hupata mvua za msimu mmoja, hivyo mahindi ya mavuno moja hulazimika kulisha kaya kwa miezi mingi. Yakiingia ghalani na unyevu, kuvu aina ya Aspergillus flavus huota na kutoa sumukuvu. Sumu hii haionekani kwa macho, wala haiishi kwa kupika ugali au uji. Mwaka 2016 iliwadhuru watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. 20 kati yao walifariki dunia. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi hujiweka katika hatari ya saratani ya ini, hasa akiwa na homa ya ini aina ya B.

Baadhi ya mimea ina silaha dhidi ya kuvu. Karafuu, zao mashuhuri la Pemba na Unguja, ina mafuta yenye yujenoli kwa wingi, kemikali inayoharibu utando wa seli za kuvu. Mchaichai nao una sitrali, yenye nguvu ya namna hiyo. Tatizo ni kwamba mafuta haya hupaa upesi, huharibika kwa mwanga na hewa, na harufu yake kali humkinaisha mlaji.

Ndiyo maana wataalamu wa chakula huyafunga ndani ya vifuko vidogo mno. Njia mojawapo ni kuyakoroga katika maji yenye gundi ya mgunga, kisha kuyanyunyiza kwenye hewa ya moto. Maji hukauka, na matone ya mafuta hubaki yamezungukwa na ganda la gundi, mfano wa unga. Ganda huweza pia kuwa la kitosani, inayotokana na magamba ya kamba na kaa. Mafuta hutoka polepole, na kiasi kidogo hudumu kwa muda mrefu zaidi.

Hata hivyo, teknolojia hii hulenga kuzuia kuvu kuota. Haigeuzi mahindi yaliyokwisha kuingiwa na sumu kuwa salama. Kinga ya kwanza ingali mikononi mwa mkulima: aanike mahindi juu ya turubai hadi unyevu ufikie takribani asilimia 13, achambue punje zilizovunjika au kubadilika rangi, na apange magunia juu ya chaga, mbali na ukuta.

Wala mtu asimwagie nafaka mafuta ya karafuu ya chupa nyumbani. Mtoto mdogo akinywa hata kijiko kimoja au viwili vya chai, ini lake laweza kuharibika, naye akapatwa na degedege. Kitu cha asili chaweza pia kuwa sumu. Kipimo ndicho huamua.

Kwa wahudumu wa afya: wakija wagonjwa kadhaa wa kaya moja wenye macho ya manjano, kutapika na tumbo kujaa, ulizeni walikula nafaka ya ghala gani, hifadhini sampuli yake, na toeni taarifa siku hiyo hiyo. Huenda ghala hilo bado linalisha wengine.