Kisima kimezinduliwa, sasa kaeni kikao kimoja tena
Msikilizaji, kisima kimezinduliwa, pilau imeliwa, kamati imetawanyika. Siku pampu inakwama, hakuna anayejua mabomba mangapi yalishushwa chini. Fundi aliyejua kahama kijiji.

Kikao cha tathmini kifanyike ndani ya wiki mbili, watu hawajasahau. Hata jeshi la Marekani, tangu miaka ya 1970, hukaa hivyo baada ya mazoezi na kujiuliza: tulipanga nini, kimetokea nini, kwa nini vimetofautiana, safari ijayo tufanyeje? Mkianza na “nani kakosea?”, wenye habari watanyamaza. Afadhali mwenyekiti ataje kwanza kosa lake mwenyewe.

Kisha andikeni: kina cha kisima, idadi ya mabomba, vipuri vilinunuliwa wapi na kwa bei gani. Daftari likae ofisi ya kijiji.